Tamko la Chama Kuhusu Majitaka ya Viwanda vya Nguo na Matumizi ya Tando za Kuchuja

Sisi wahandisi, wanakemia na mafundi wa maji, wanachama wa chama hiki cha kitaaluma, tunatoa tamko hili kwa Serikali, kwa wamiliki wa viwanda vya nguo nchini na kwa wananchi wanaoishi kandokando ya mito inayopokea maji ya viwanda hivyo.

Tunachosema ni hiki. Teknolojia ya kutenga uchafu na maji kwa kutumia tando ipo, imethibitika, na inafaa kwa viwanda vyetu vya kutia rangi na kuchapa nguo. Tunaiunga mkono bila kusita. Lakini utando hauangamizi uchafu, unautenga tu. Kiwanda kitakachofunga mitambo hiyo bila kueleza uchafu uliotengwa unakwenda wapi kitakuwa kimeutoa kwenye bomba moja na kuuingiza kwenye bomba jingine. Kwa sababu hiyo tunataka kila kibali cha kutiririsha majitaka ya kiwanda cha nguo kihesabu kilo za uchafu, siyo miligramu kwa lita peke yake, na kilo hizo zihesabiwe pande zote mbili za utando.

Kwa nini tunasema sasa

Pamba yetu hulimwa zaidi Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imeuzwa nje ikiwa marobota. Wito wa kuisokota, kuifuma na kuitia rangi hapahapa nchini ni wa haki, nasi tunauafiki kwa moyo wote, maana ajira ya kweli iliyomo ndani ya robota huonekana pale linapogeuka khanga, shuka au sare ya shule. Ila katika kazi zote za kiwanda cha nguo, zinazotoa majitaka mengi na mazito kuliko nyingine ni kuosha, kupausha, kutia rangi na kuchapa. Kiwanda kinachosokota tu hakina shida kubwa na mto. Kinachotia rangi kinayo, na shida hiyo ni rahisi kuitatua kwenye karatasi ya ramani kuliko kwenye zege lililokwisha kumwagwa.

Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1968. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1965, mji mdogo wa Coalinga huko California ulikuwa umewasha mtambo wa kwanza wa kibiashara wa osmosisi kinyume, uliotokana na utando wa selulosi asetati ambao Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan waliutengeneza katika chuo kikuu cha UCLA. Waliojenga viwanda vyetu vya kizazi kile hawakuwa na tando za kuchagua, na hatuwalaumu. Anayejenga leo hawezi kutoa udhuru huo.

Kinachotoka kwenye mashine ya rangi

Tuchukue tani moja ya kitambaa cha pamba. Kikitiwa rangi kwa uwiano wa lita 10 za maji kwa kila kilo, mashine itabeba lita 10,000. Rangi inayotumika zaidi kwa pamba ni ile ya kundi la riaktivu, ambayo huungana na uzi kikemia na ndiyo maana haichuji upesi. Ili rangi iyaache maji na kuufuata uzi, mtia rangi huongeza chumvi, kwa kawaida gramu 40 hadi 100 kwa lita. Akitia gramu 60, hizo ni kilo 600 za chumvi. Kwa rangi iliyokolea ya asilimia 3 ataweka kilo 30 za rangi. Rangi za kundi hili hushika kwa kiasi cha asilimia 50 hadi 90, kutegemea aina yake na ustadi wa mwenye kazi. Tukisema asilimia 70, kilo 21 zitabaki kwenye nguo na kilo 9 zitaondoka na maji, pamoja na karibu chumvi yote. Hiyo ni tani moja tu, na bado hatujahesabu maji ya suuza yanayofuata mara kadhaa.

Aliyewahi kusimama kwenye mfereji wa kiwanda wakati mashine inafunguliwa anaijua hali yenyewe. Maji yanatoka yakifuka mvuke, joto lake likiwa nyuzi 60 au zaidi, meusi tii au mekundu ya kuiva, yenye utelezi wa magadi mkononi, na vinyuzi vya pamba vikielea na kunasa kila penye wavu. Baada ya muda mfupi mfereji uleule unapitisha suuza ya mwisho, ambayo ukiiweka kwenye glasi karibu huoni rangi. Katika viwanda vingi maji hayo mawili, pamoja na ya vyoo na ya kuoshea sakafu, hukutana kwenye shimo moja. Hapo ndipo kazi inapoharibika kabla hata ya kuanza. Maji machache yaliyo mazito sana yanatibika, na maji mengi yaliyo mepesi yanatumika tena. Mchanganyiko wake ni mwingi na ni mchafu, na hauna faida kwa mtu yeyote.

Kabla ya rangi kuna maji ya kuondoa wanga. Uzi hupakwa wanga ili usikatike wakati wa kufuma, kisha wanga huo huoshwa wote. Mara nyingi hatua hii moja ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya uchafu wa oganiki unaokula oksijeni ya mto.

Mabwawa ya majitaka tuliyoyazoea, yanayotegemea jua, mwani na bakteria, hula wanga vizuri. Rangi hayaili. Rangi ya nguo imeundwa ili isishindwe na jua, sabuni wala jasho, na uimara huohuo unaomfurahisha mvaaji ndio unaoishinda bakteria ya bwawani. Jambo la hatari zaidi halionekani kwa macho. Kundi kubwa la rangi hizi ni za azo. Pale chini ya bwawa pasipo na oksijeni, bakteria huweza kuukata muungano wa azo. Rangi hupotea, maji yakang'aa, lakini kinachobaki ni amini za aromatiki, na baadhi yake, kama benzidini, zinajulikana kusababisha saratani. Ndiyo maana mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwenye nguo zinazogusa ngozi rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 zilizotajwa kwa majina. Maji yaliyopoteza rangi hayajathibitika kuwa salama, na mkaguzi anayetazama kwa jicho tu hajakagua.

Chukua mfano wa Mto Msimbazi, ambao huanzia kwenye milima ya Pugu, hupita katikati ya makazi ya Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Hatusemi kwamba viwanda vya nguo ndivyo vilivyouchafua peke yake. Mto huo hupokea maji ya majumbani, ya gereji, ya machinjio na taka za kila aina. Lakini bondeni mwake watu hulima mchicha, matembele na figiri kwa kumwagilia kwa ndoo, na mboga hizo huliwa mjini kote. Chumvi ikizidi ardhini mchicha hudumaa. Hilo mkulima huliona mwenyewe. Amini zilizofichika kwenye maji hana namna ya kuziona, na kumtaka azitambue ni kumwonea. Jukumu ni la mwenye bomba.

Utando unafanya nini, na haufanyi nini

Mafundi wengi wa mjini wanaufahamu utando tayari. Vituo vya kuuza maji ya kunywa, vitengo vya kusafisha damu hospitalini na hoteli za mwambao zinazotumia visima vya maji ya chumvi hutegemea mashine zinazoitwa kwa herufi RO, yaani za osmosisi kinyume. Ndani ya bomba moja la kawaida la mashine kubwa, lenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 20, kuna karatasi za utando zilizoviringishwa, ambazo ukizifungua na kuzitandaza zinafikia mita za mraba 37 hivi. Maji husukumwa kwa presha. Yanayopenya hukusanywa kwenye kijibomba cha katikati, na yasiyopenya hutoka upande wa pili yakiwa yamebeba kila kilichokataliwa.

Tando hutofautiana kwa ukubwa wa matundu. Za ultra zina matundu ya nanomita chache hadi 100 na huhitaji presha ya bar chache tu. Hizi huzuia vinyuzi, bakteria, mafuta yaliyochanganyika na maji, na molekuli ndefu. Kwa zaidi ya miongo minne viwanda vya Marekani na Ulaya vimezitumia kurudisha polivinili alkoholi inayopakwa uzi badala ya wanga, na kurudisha indigo ya kutia rangi nguo za jinzi, kwa sababu indigo isiyoyeyuka hubaki chembechembe zinazonaswa vizuri. Kinachonaswa hapo kina bei sokoni, na ni ajabu kwamba bado tunakiona kama taka.

Tando za nano zina matundu ya nanomita 1 hivi, na kwa majitaka ya rangi hizi ndizo tunazozitilia mkazo kuliko nyingine. Huzuia molekuli zenye uzito wa takribani daltoni 200 hadi 1,000 na zaidi. Rangi nyeusi maarufu iitwayo Reactive Black 5 ina uzito unaokaribia 992, kwa hiyo inanaswa. Chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloridi, hupenya kwa sehemu kubwa. Matokeo yake ni maji yasiyo na rangi lakini yenye chumvi, nayo chumvi hiyo ndiyo ileile ambayo mtia rangi ataihitaji kesho asubuhi. Kumbuka kilo 600 kwa tani moja ya kitambaa. Kuna sharti moja ambalo wauzaji wa mitambo hawalitaji mara kwa mara: viwanda vingi hutumia sodiamu salfeti badala ya kloridi kwa kuogopa kutu kwenye mashine, na salfeti hukataliwa na utando wa nano pamoja na rangi. Kiwanda cha namna hiyo hakitarudisha chumvi yake kwa njia hii, na hesabu ya faida aliyopewa mwenye kiwanda itakuwa si ya kwake. Mnunuzi aulize mapema.

Osmosisi kinyume huzuia karibu kila kitu, zikiwemo chumvi, kwa presha inayoanzia bar 10 na kupanda zaidi ya 60 chumvi inapozidi. Lakini hata huko hakuna muujiza. Fenoli, yenye uzito wa 94 tu na isiyo na chaji kwenye maji ya kawaida, huvuja kwa kiasi kisichopuuzika. Ikibidi kuizuia, maji hupandishwa pH zaidi ya 10 ili fenoli ipate chaji na kusukumwa nyuma na utando. Molekuli ndogo zisizo na chaji ndizo udhaifu wa teknolojia hii yote. Chama kinasisitiza jambo hili kwa sababu tumesikia mitambo ikinadiwa kwa maneno kwamba inatoa asilimia mia moja ya uchafu. Hakuna mtambo wa namna hiyo.

Utando pia una maadui wake. Polyamidi, ambayo ndiyo malighafi ya tando nyingi za nano na za osmosisi tangu kazi ya John Cadotte katika miaka ya 1970, huungua kwa klorini. Kiwanda kinachopausha kwa klorini na kuacha mabaki yafike kwenye utando kitauharibu kwa muda mfupi. Kikomo chake cha joto kwa kawaida ni nyuzi 45, hivyo maji yanayotoka na nyuzi 60 lazima yapozwe kwanza, na joto hilo lipashe maji mapya yanayoingia kwenye mashine, maana ni kuni, gesi au mafuta yaliyokwisha kulipiwa. Vinyuzi vya pamba huziba njia. Chokaa na silika hugandamana. Bakteria hutanda utelezi. Kwa haya yote dawa ni moja, nayo ni maandalizi: wavu mwembamba, tangi la kusawazisha maji, matibabu ya bakteria kwanza, kisha utando wa ultra, ndipo wa nano. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto na wenzake katika Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba tando zinaweza kuzamishwa moja kwa moja ndani ya tangi la bakteria na maji yakavutwa kwa presha ndogo. Mpangilio huo sasa umeenea duniani na unafaa kwa viwanda vyenye eneo dogo, kama vingi vya Dar es Salaam vilivyo.

Maji mazito yaliyobaki

Anayekamua tui kwa kifumbu hubaki na machicha mkononi, na lazima ayaweke mahali. Utando ni hivyohivyo. Kiwanda kikipenyeza asilimia 80 ya maji yake, uchafu ulionaswa umejaa kwenye asilimia 20 zilizobaki, ukiwa umekolea mara tano. Kikifikia asilimia 90, umekolea mara kumi. Zile kilo 9 za rangi ziko palepale. Tena sasa zimo kwenye maji ambayo hayawezi kuingia bwawani wala mtoni, na ambayo yakiachiwa usiku mmoja wa mvua yatafanya madhara kuliko mfereji wa zamani uliokuwa ukitiririka kila siku.

Tiruppur, mji wa nguo za kufuma katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, umeyapitia haya yote. Mamia ya viwanda vya kutia rangi vilimwaga maji kwenye Mto Noyyal mpaka bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji, likawa hifadhi ya maji ya chumvi na rangi, na wakulima wa chini ya mto wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda visitoe hata tone nje. Utekelezaji ulisuasua, na mwezi Januari 2011 mahakama hiyo ikaamuru viwanda vyote vya rangi vifungwe. Mji mzima wa wafanyakazi ulisimama. Viwanda vilifunguliwa hatua kwa hatua baada ya kuunganisha nguvu kwenye mitambo ya pamoja yenye bakteria, tando na vivukizi. Leo sehemu kubwa ya maji yao hurudi kwenye mashine. Lakini chumvi mchanganyiko iliyokauka, yenye mabaki ya rangi, haikuwa na mnunuzi wala mahali pa kuzikwa, ikarundikwa kwenye magunia. Tunaisimulia habari hii kwa heshima kwa wenzetu wa Tiruppur, kwa kuwa wamefika mbali kuliko sisi, na tatizo walilokutana nalo mwishoni sisi tunaweza kuliweka mwanzoni.

Karibu na kwetu, Ethiopia ilifungua eneo la viwanda vya nguo la Hawassa mwaka 2016 likiwa na mtambo wa pamoja wa kurejesha maji kwa tando, ili kulilinda Ziwa Hawassa. Viwanda vilikuta mtambo umeshajengwa. Mpangaji wa eneo la viwanda aliyeamua hivyo alifanya uamuzi mgumu kwa wakati wake, nasi tunaushikilia kama kielelezo kwa maeneo ya viwanda yanayopangwa hapa.

Maji mazito yana njia chache za kweli. Yanaweza kuvunjwavunjwa kwa ozoni, au kwa madini ya chuma pamoja na hidrojeni peroksaidi, njia inayojulikana kama ya Fenton. Hapo molekuli za rangi huangamia hasa. Yanaweza kuvukizwa. Kwa joto tupu, kuvukiza mita moja ya ujazo kunahitaji zaidi ya kilowati-saa 600, wakati kuisukuma kupitia utando wa nano kwa bar 10 kunahitaji takribani nusu hadi moja. Ndiyo sababu tando hutangulia na kivukizi humalizia kile kidogo kilichobaki. Mabwawa ya kukaushia juani yanawezekana Dodoma au Shinyanga penye jua kali na mvua chache, yakitandikwa plastiki nzito chini na kujengewa ukingo. Kwenye mwambao wa Dar es Salaam wenye misimu miwili ya mvua hatuyashauri. Na popote yatakapokuwa, chumvi ya humo isiingie kamwe kwenye mzunguko wa chumvi ya kula au ya kunyweshea mifugo.

Sheria inavyopima, na inavyopaswa kupima

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinamtaka mtiririshaji asizidi miligramu 30 kwa lita za BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huihitaji kula uchafu, na 60 za COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu huo kikemia. Ni viwango vikali na vizuri. Tatizo letu nazo ni kwamba miligramu kwa lita hupungua kirahisi: fungulia bomba la maji safi kwenye mfereji na sampuli itafaulu, huku mto ukipokea kilo zilezile. Kibaya zaidi, kanuni ikisimama peke yake inamwadhibu mwema. Kiwanda kinachorudisha maji yake kwa tando kitatoa maji machache yaliyokolea zaidi, na kwenye karatasi kitaonekana kichafu kuliko jirani yake anayefuja maji ya kisima. Kanuni inayomtuza mfujaji na kumtoza mwekevu haikukusudiwa na walioiandika, na inarekebishika kwa kuongeza safu moja kwenye fomu ya kibali: kilo za COD na kilo za chumvi kwa kila tani ya kitambaa.

Kuhusu rangi, kiwango chetu ni 300 kwa kipimo cha platinamu na kobalti. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2006, iliweka 15. Lakini tofauti hiyo siyo hoja yetu kuu. Kipimo chenyewe kilibuniwa kwa maji ya mito yenye umanjano wa majani yaliyooza, kwa hiyo kinalinganisha kila maji na umanjano. Bluu ya shati la shule na wekundu wa khanga havina mahali kwenye mizani hiyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7887 kinaruhusu kupima ufyonzaji wa mwanga kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 436, 525 na 620, yaani kwenye maeneo matatu yanayokamata manjano, nyekundu na bluu. Kifaa chake kipo kwenye maabara nyingi za maji nchini, na kipimo kinamalizika kwa dakika chache.

Neno moja kwa wenzetu wa maabara: kloridi nyingi hupotosha kipimo cha COD na kukipandisha juu ya ukweli. Majitaka ya rangi yenye makumi ya gramu za chumvi kwa lita lazima yazimuliwe na kloridi ifungwe kwa zebaki salfeti kama utaratibu unavyoagiza, na ripoti iseme hivyo. Zebaki hiyo nayo isimwagwe kwenye sinki.

Kwa hayo yote, chama kinatamka na kudai ifuatavyo.

Waziri mwenye dhamana ya mazingira, pamoja na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na Shirika la Viwango Tanzania, wafanye marekebisho ya viwango kwa sekta ya nguo ili viwe na mzigo kwa tani ya kitambaa, na rangi ipimwe kwa mawimbi matatu. Bodi za Maji za Mabonde, ambazo kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndizo zenye mamlaka ya vibali vya kutiririsha majitaka, zisitoe kibali chochote kwa mtambo wa tando ambao mwombaji hajaonyesha kwa maandishi maji mazito yatakwenda wapi, nani atayapokea, na chumvi yake itawekwa wapi. Kwa hili hatuna nafasi ya mazungumzo. Mtambo usio na jibu hilo ni bora usijengwe.

Wamiliki wa viwanda tunawaomba waanze na jambo la bei nafuu kuliko yote, yaani kutenganisha mifereji: maji ya mashine ya rangi yawe na bomba lake, suuza ziwe na lake, na ya vyoo yaende yanakostahili. Kazi hiyo ni ya mabomba na fundi mwashi, haihitaji utando hata mmoja, na bila hiyo utando wowote utakaonunuliwa baadaye utakuwa mkubwa na wa gharama kuliko ilivyohitajika. Wanapofikia kununua, wasikubali mtambo ambao haukujaribiwa kwa maji yao wenyewe kwa miezi kadhaa kwenye mtambo mdogo wa majaribio. Maji ya kiwanda kingine siyo maji yao.

Maeneo mapya ya viwanda vya nguo yajengewe mtambo wa pamoja kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Kiwanda kidogo cha kuchapa vitenge hakiwezi kubeba peke yake gharama ya bakteria, tando, ozoni na kivukizi. Kumi vikichangia vinaweza. Taasisi za fedha zinazokopesha viwanda hivi ziuweke mtambo huo ndani ya mkopo wa kwanza, usiwe ahadi ya awamu ya pili. Tumeshuhudia awamu za pili nyingi ambazo hazikufika.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iongeze somo la uendeshaji wa tando kwenye mafunzo ya mafundi wa maji. Anayejua kuosha mashine ya RO ya kituo cha maji ya kunywa kwa magadi makali kisha kwa asidi ya sitriki ameshajifunza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kusoma presha na mtiririko kila zamu na kuandika daftarini, maana utando huanza kuugua siku nyingi kabla haujafa, na daftari ndilo linaloonyesha.

Na wakazi wa mabonde, hasa wakulima wa mboga, wapewe haki ya kuona ripoti za vipimo vya kila kiwanda kilicho juu yao, zikiwa kwa Kiswahili na zikibandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mtu anayemwagilia mchicha kwa maji ya mto ana haki ya kujua kilichomo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wetu, wanachama wa chama hiki watawafundisha wakaguzi na mafundi wa maabara wa mabonde jinsi ya kupima rangi kwa mawimbi matatu na kukokotoa mzigo kwa kilo, bila malipo, popote watakapoitwa. Wizara na Baraza tunawaomba wasisubiri kiwanda kipya kifunguliwe ndipo waanze kuyaandika upya masharti ya kibali. Waanze na maombi yaliyopo mezani sasa.